Mpaka Peke Yake Haulindi Mmea: Ilani ya Watu wa Usambara Mashariki

Utangulizi

Sisi ni wakulima wa iliki, mdalasini na karafuu, vibarua wa mashamba ya chai, waganga wa miti shamba, walimu, wafugaji wa vipepeo, waokotaji wa mbegu za msambu, madereva wa bodaboda na wanafunzi. Tunatoka katika vijiji vinavyopakana na misitu ya Usambara Mashariki, katika wilaya za Muheza, Korogwe na Mkinga, mkoani Tanga. Tumekutana, tukabishana, tukakubaliana kuanzisha harakati ya kutetea mimea ya asili ya milima hii. Ilani hii inaeleza kwa nini tumeianzisha, tunaamini nini, tunadai nini kwa wenye mamlaka na sisi wenyewe tumejifunga kwa lipi.

Neno letu kuu ni moja. Mmea wa porini haulindwi na mpaka wa hifadhi peke yake. Kupona au kuangamia kwake hutegemea namna watu wanavyoitumia ardhi, ndani ya mpaka na nje yake, leo na miaka mia iliyopita. Anayetaka kuilinda mimea hana budi kuanza na mkulima: shamba lake, kuni zake, haki yake. Anayemruka mkulima na kukimbilia bikoni ataishia kulinda bikoni.

Mali tuliyokabidhiwa

Milima yetu ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguu, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Hupokea mvua na ukungu kutoka Bahari ya Hindi, na unyevu huo haukukatika hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Misitu iliyotoweka kwingine ikabaki hapa, na mimea yake, ikiwa imetengwa na nyanda kavu pande zote, ikawa ya aina yake. Ipo mimea inayomea katika safu moja tu ya milima. Likifyekwa bonde lake, dunia nzima imeipoteza.

Tunao mtambara, mti mrefu ambao jina lake la kisayansi, Cephalosphaera usambarensis, limebeba jina la milima yetu. Tunao msambu, ambao mbegu zake zina mafuta yanayofaa kwa chakula na sabuni. Tunayo kahawa ya mwitu, tunazo begonia. Na tunalo ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, akalipa jina la Saintpaulia. Leo uzao wa ua hilo unauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, na biashara hiyo haijawahi kumlipa mwanakijiji wa milima hii hata senti. Huku lilikotoka, ukikatwa mti unaolipa kivuli na jua likaupiga mwamba, ua hilo hukauka.

Mwaka 1997 msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania Bara, yenye hekta 8,380. Mwaka 2000 UNESCO ikaiingiza Usambara Mashariki katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Tunaziheshimu hatua hizo, na hatutaki zirudishwe nyuma hata kwa ekari moja. Hata hivyo, kutangaza hifadhi hakukufuta yaliyotendeka kabla ya tangazo, wala hakukuzuia yanayotendeka hatua chache nje ya mpaka.

Tulifikaje hapa

Kila msitu unapoharibika, kidole cha kwanza huelekezwa kwa mkulima mdogo. Historia ya milima hii haianzi kwake.

Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta mkonge katika koloni la Kijerumani. Mashamba ya zao hilo yakaenea katika tambarare za Muheza na Korogwe, na misitu ya chini ya milima ikabaki vipande vipande. Huku juu, walowezi walifyeka msitu kupanda kahawa. Udongo ukawaangusha, kwa kuwa rutuba ya msitu wa milimani hukaa katika majani yanayooza juu juu, na miti ikiondoka nayo huondoka. Baadaye ikaja chai, nayo ipo hadi leo, pamoja na viwanda vyake vinavyokausha majani kwa moto wa kuni.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia hapa Amani, wakapanda mamia ya aina za mimea kutoka pembe zote za dunia ili waone ipi ingewafaa. Baadhi ya mimea hiyo haikukaa kwenye vitalu vyake. Mfano ulio wazi ni Maesopsis eminii, mti ambao Waganda huuita musizi. Kwao ni ukanda wa Ziwa Viktoria na nchi za magharibi mwa Afrika. Hukua haraka, matunda yake hupendwa na hondohondo, na ndege hao huzitawanya mbegu kila wanaporuka. Ndani ya msitu mzima uliofungamana, musizi hupata shida kusimama. Pale ambapo shoka na msumeno vimefungua anga, hutawala. Vivyo hivyo Clidemia hirta, kichaka kutoka Amerika ya kitropiki, ambacho hutandaa kila panapoingia mwanga na kuinyima nafasi miche ya asili.

Na anga lilifunguliwa kweli. Kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1980, magogo ya milima hii yalishuka kwenda viwanda vya mbao vya Tanga. Njia za matrekta zilikatwa kwenye miteremko, na katika baadhi ya maeneo yaliyovunwa, Kwamkoro yakiwemo, musizi ukapandwa kuziba mapengo. Misaada ya Finland ndiyo iliyosaidia uvunaji ule, na baada ya kelele za wanasayansi na wananchi, misaada ya Finland hiyo hiyo ikageukia kuhifadhi. Tunalikumbusha hili ili kila mhisani ajue kwamba msaada unaweza kukata mti kama unavyoweza kuupanda.

Kisha ikaja iliki, na hapa tunajisemea sisi wenyewe. Iliki hupenda kivuli. Mkulima wake haangushi msitu. Hufyeka miti midogo na mimea ya chini, hupunguza matawi ili mwanga upenye kiasi, na huiacha miti mikubwa imesimama. Kwa anayetazama kutoka barabarani, au kwa picha ya kutoka angani, msitu upo. Ingia ndani uone. Miche ya mtambara haipo, imepaliliwa pamoja na magugu. Mimea midogo ya kivulini, ambamo umo utajiri mkubwa wa aina, haipo. Miaka kadhaa ikipita udongo huchoka, iliki hupungua, na mkulima huikata hata ile miti iliyobaki apande mahindi, muhogo au miwa. Msitu usio na miche ni kama kijiji kilichobaki na wazee watupu: heshima kinayo, kesho hakina.

Lakini kwa nini tulipanda iliki? Kwa sababu barabara ni mbovu, na gunia la mahindi halifiki sokoni kwa faida. Mzigo mdogo wa iliki, unaobebeka kichwani, ulilipa ada ya shule na bati la nyumba. Hakuna aliyetuletea zao jingine lenye bei kama ile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa msitu wa Derema walipoambiwa waache mashamba yao ya iliki ili msitu ule uunganishe misitu ya kusini na ya kaskazini, fidia ilichukua miaka na malalamiko mengi. Tunasema mambo mawili kwa pamoja: ushoroba ule ulihitajika, na fidia iliyokawia ilikuwa dhuluma. Mkulima aliyesimamishwa leo na kulipwa baada ya miaka hawezi kukaa na njaa akisubiri. Atafyeka mahali pengine.

Miaka hiyo hiyo, mwishoni mwa 2003 na mwaka 2004, uvumi wa dhahabu ulileta wachimbaji kwa maelfu hadi kijiji cha Sakale. Mashimo yalichimbwa kwenye vijito na mito ikageuka tope. Dhahabu ilikuwa kidogo na hasara ikabaki kwetu.

Tunachoamini

Kwanza, tunaamini kwamba mmea unastahili kuhesabiwa. Nchi yetu humhesabu tembo kwa ndege, na mkulima aliyeharibiwa shamba na wanyamapori hutengewa kifuta jasho. Mti huhesabiwa ukiwa na mbao. Ua la mwambani, kichaka cha dawa na mmea utambaao kivulini hufa bila mtu kuandika taarifa.

Pili, tunaamini kwamba kijani si ushahidi. Shamba la mikaratusi ni la kijani, na shamba la misaji la Longuza ni la kijani, na yote mawili yana faida zake, lakini hayajawahi kuwa msitu wa asili. Kampeni ya kupanda miti milioni ya aina moja haiwezi kufidia bonde moja lenye mamia ya aina.

Tatu, tunaamini kwamba kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba hufa polepole hata pasipo mtu kukigusa. Upepo na jua huingia kutoka pembeni na kukikausha. Moto wa kuandaa shamba huruka mpaka. Nyuki na ndege wanaochavusha na kusambaza mbegu hushindwa kuvuka uwanja mpana wa chai au mahindi. Miti mikubwa huendelea kusimama kwa miaka mingi, ikizaa mbegu zisizopata pa kuota. Hasara ya leo tutaiona wajukuu wakishakuwa watu wazima, na wakati huo haitarekebishika.

Nne, tunaamini kwamba mkono wa binadamu si lazima uue. Wazee wa Kishambaa na Kizigua waliacha misitu ya mizimu ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Majirani zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya walizilinda kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, kwa miiko, na mwaka 2008 UNESCO ilizitambua kaya hizo kuwa urithi wa dunia. Kuokota kuni zilizokauka, kuchuma uyoga, kukusanya mbegu za msambu, kuchimba mzizi mmoja wa dawa na kuacha mingine: msitu unayastahimili haya. Unachoshindwa kustahimili ni kasi, wingi na tamaa. Mganga anayebandua gome kuuzunguka mti wote ameua mti, hata kama ameponya mgonjwa.

Tano, tunaamini kwamba uhifadhi usio na haki haudumu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kijiji kinachopewa makatazo bila mapato, na doria bila mazungumzo, kitanyamaza mchana na kupasua mbao usiku.

Tunachokataa

Tunakataa uhifadhi unaomwona mwanakijiji kama mhalifu kabla hajatenda kosa. Tunakataa pia utetezi wa uongo unaosema kwamba umaskini unahalalisha kila shoka, kwa maana mbao nyingi zinazotoka msituni humnufaisha mwenye lori mjini, na maskini huambulia ujira wa kubeba. Tunakataa miradi inayokuja na magari na vibao, ikafanya semina, ikaondoka bila kuacha hata kitalu kimoja cha miche. Na tunakataa utafiti unaochukua majani, picha na majina kutoka kwetu, ukachapishwa katika lugha tusiyoisoma, usirudi tena.

Tunachodai

1. Kila kijiji kinachopakana na hifadhi kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinavyowezesha. Wakulima wapewe hati za hakimiliki ya kimila. Mtu asiye na hakika ya shamba lake hapandi mti wa kuvunwa na mtoto wake.

2. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imefungua mlango wa usimamizi shirikishi. Tunadai mikataba ya usimamizi wa pamoja iandikwe, isainiwe na kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji, ikitaja wazi mgawo wa kijiji katika mapato ya watalii, watafiti na faini.

3. Mimea ihesabiwe. Yawekwe maeneo ya kudumu ya kupimia ndani ya hifadhi, pembezoni mwake na kwenye mashamba yetu, na vijana wa vijiji wafunzwe na kulipwa kwa kazi hiyo. Matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji, pamoja na majina ya Kishambaa ya mimea hiyo.

4. Uwepo mpango wa muda mrefu wa kupunguza musizi na mimea mingine vamizi. Isikatwe yote kwa mkupuo, kwani kufungua anga ghafla ni kuialika irudi. Iondolewe kidogo kidogo, na kila inapotoka ipandwe miche ya asili. Mbao zake zitumiwe na wanavijiji kwa utaratibu ulio wazi usiogeuzwa kuwa kichaka cha wizi wa mitambara.

5. Viwanda vya chai vitumie kuni zilizopandwa kwenye mashamba yao wenyewe, na misitu ya asili iliyomo ndani ya mashamba hayo ikaguliwe kwa vigezo vile vile vya hifadhi.

6. Jiji la Tanga hunywa maji ya mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu hii. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Tunaipongeza hatua hiyo. Tunadai kwamba ankara ya maji iwe na fungu la kudumu, hata dogo, kwa vijiji vya juu vinavyoacha kulima kingo za mto.

7. Biashara inayotegemea msitu hai ilindwe. Wafugaji wa vipepeo wa Amani walipanda mimea ya porini mashambani mwao ili kuwalisha viwavi, wakauza mabuu nje ya nchi. Mwaka 2016, usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi ulipopigwa marufuku, nao wakafungiwa soko. Marufuku kama hiyo isiwaunganishe tena mfugaji wa kipepeo na mlanguzi wa kasa na kobe. Kadhalika mbegu za msambu zipate bei inayomtia moyo mkulima kuuacha mti usimame.

8. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka wanaonufaika na rasilimali za kijenetiki wagawane faida na wenye nazo. Asitoke mtu na mbegu, jani wala kikonyo kwa ajili ya biashara bila makubaliano na kijiji husika. Kisa cha ua la zambarau kisitokee mara ya pili.

Tunachoahidi

Anayedai bila kuahidi ni mlalamikaji. Kwa hiyo tunajifunga kwa haya.

Hatutapanda iliki wala zao lolote ndani ya mpaka wa hifadhi. Iliki tutaihamishia kwenye mashamba yetu, chini ya kivuli cha miti tuliyoipanda, tukiichanganya na mdalasini, karafuu na pilipili manga. Katika palizi tutaiacha miche ya asili ikue, walau kwenye mipaka ya shamba. Tutaheshimu mita 60 za kingo za mito kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyoagiza, na wale wetu ambao tayari wamelima kingoni tutawasaidia kuondoka kwa utaratibu, bila kuwafedhehesha.

Kila kijiji mwanachama kitaanzisha kitalu cha miti ya asili: mtambara, msambu, mvule, mkangazi. Hatutachoma shamba wakati wa upepo wa kiangazi bila kuwaarifu majirani na kukata njia ya moto. Waganga wetu wamekubali kutobandua gome kuuzunguka mti, na kuotesha nyumbani dawa zinazoadimika. Misitu ya mizimu iliyosalia tutaiandikisha kuwa misitu ya hifadhi ya kijiji, na miiko yake tutawafundisha watoto.

Hatutamficha mpasua mbao kwa kuwa ni shemeji, wala mwenye lori kwa kuwa ni mfadhili wa harusi. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tumekula ya kutosha.

Mwenendo wa harakati

Harakati hii si ya chama chochote cha siasa wala ya dini yoyote. Mwanachama ni mkazi yeyote anayekubali ahadi zilizotajwa hapo juu. Kamati ya kila kijiji itakuwa na wanawake wasiopungua nusu, maana wao ndio wanaotembea kutafuta kuni na maji, na wao ndio wa kwanza kujua kijito kimekauka. Fedha zote zitasomwa hadharani. Mwanachama atakayekamatwa akivuna msitu kinyume cha sheria atajieleza mbele ya mkutano, na cheo hakitamwokoa.

Wito

Tunamwita mkulima mwenzetu, hasa yule anayetuona tumegeuka mabwana misitu: njoo ubishane nasi mkutanoni, kwa kuwa uamuzi wa shamba lako haufai kufanywa bila wewe. Tunamwita bwana misitu: acha pikipiki kwenye njia panda, keti na kamati, kisha twende doria pamoja. Tunawaita wanasayansi wa vyuo vyetu: tufundisheni kuhesabu, nanyi mjifunze majina. Tunawaita wenye viwanda, wakazi wa Tanga wanaofungua bomba kila asubuhi, na watoto wa milima hii wanaofanya kazi Dar es Salaam na Arusha: deni la msitu huu ni lenu pia.

Sheria za kutosha zipo. Maarifa ya kutosha yapo, mengine maktabani, mengine vichwani mwa bibi zetu. Kilichokosekana ni watu wa kuyasimamia wanaoishi hapa na wasioondoka mradi unapokwisha. Watu hao ni sisi. Jiandikishe kwa katibu wa kamati ya kijiji chako, dai pamoja nasi, na kazi uianzie shambani kwako msimu huu wa mvua.